Viti vya Kivimäki Vinarudi

Kivimäki, Michigan
Jumapili, 11 Machi 2018

Mpendwa Bibi,

Leo ni tarehe kumi na moja Machi, na ninaahidi kukueleza kila kitu, hata yale ambayo watu wazima hapa huyameza pamoja na kahawa. Mwalimu wetu wa uandishi anasema anayeandika barua na kuficha nusu amepoteza stempu. Mimi sitapoteza zangu.

Shikamoo. Sisi sote hatujambo. Bega la Baba limepona nusu. Mama anafanya zamu za mchana kwenye nyumba ya wazee, na anasema wazee wa huko wanamaliza mkate wa iliki kuliko watu wa harusini. Paka wako amekataa kukaa kwetu. Kila asubuhi tunamkuta kwa Mzee Rautio, amelala juu ya kuni za sauna, na Mzee Rautio anaapa kwamba hamlishi. Paka amenenepa. Baba anasema angekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha kwenye injini ya lifti ya kupandisha watu kilimani, basi kuandika ni kazi yangu.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka vuli iliyopita, kabla Baba Mdogo Rodney hajaja kukuchukua, klabu ya skii iliamini kwamba lifti mpya ya viti vya watu wanne iko njiani. Wakafanya kama inavyofanywa kwenye kila kilima lifti inapokufa: wakavishusha viti vya zamani kutoka kwenye kamba, wakavipanga uwanjani, na kila familia ikanunua chake. Wengine walichagua namba waliyoipanda siku ya uchumba, wengine namba ya mwaka wa kuzaliwa. Hakikubaki hata kimoja. Kisha lifti mpya haikuja, na msimu huu wote tumepanda kilima kwa miguu, mbao za kutelezea thelujini begani.

Jana klabu ilikutana. Mwenyekiti alisoma masharti ya lifti mpya: msitu ukatwe upana mara mbili, pamoja na ile misonobari juu ya kijito, mashimo mapya ya saruji, na waya mkubwa wa umeme ambao mji wetu hauna. Baba akasimama. Unajua Baba hapendi kusimama.

"Minara ni mizima," alisema. "Saruji ni nzima. Kinachoumwa ni moyo na mishipa. Tutoe injini ya dizeli, tuweke mota ya umeme inayovuta kwa kadiri ya watu waliopanda, si zaidi. Umeme wa bwawa letu la mtoni unatosha kuiendesha. Tubadilishe kamba, magurudumu, breki. Mifupa tuiache ilipo."

"Sawa, Dale," akasema Mzee Rautio kutoka nyuma. "Na makalio yetu tutayaweka wapi? Viti si tumeuza?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja, maana kila mtu alikumbuka kiti chake kiko wapi.

Nilimuuliza Baba kwa nini tusitengeneze viti vipya. Alisema kiwanda kilichovitengeneza kilifungwa yeye akiwa mtoto wa shule. Lifti yetu iliidhinishwa ikiwa na viti vile, na viti vya aina nyingine maana yake ni kuanza upya kila kipimo na kila kibali. Zaidi ya hayo, alisema, kutupa chuma kizima ili kununua chuma kingine ndicho hasa alichokuwa amekipinga dakika tano zilizopita. Vikiwa vichache mno navyo havifai: kamba inakuwa nyepesi, na upepo unaweza kuirusha nje ya magurudumu.

Kura zikapigwa. Tutaifufua ya zamani. Lakini wenye ardhi wametupa msimu mmoja tu. Lifti isipozunguka kabla Januari ijayo haijaisha, mkataba wa kilima unakufa.

Kuna jambo jingine ambalo Baba hajaniambia mwenyewe, nililisikia jikoni. Nimeahidi kueleza yote, basi naeleza. Mlima mkubwa huko Utah unamtaka akatunze lifti zao, na wamekubali kumngojea hadi mwisho wa Januari hiyo hiyo. Kilima kikifungwa, tutahama. Mama ameanza kusema "Utah ina shule nzuri" bila mtu kumuuliza.

Bibi, wewe ulifanya kazi kituo cha chini majira thelathini ya baridi. Kila mtu hapa ulimdakia kiti kisimgonge magoti. Niambie namna ya kuwaomba.

Mjukuu wako,
Senja


Tucson, Arizona
2 Aprili 2018

Senja mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, stempu haikupotea.

Mimi mzima. Kifua kimetulia, ndicho kilichonileta huku, basi siwezi kulalamika. Rodney na mkewe wananitunza kama yai. Hapa watu wanapanda mbigili na kuiita bustani. Jana jirani alinionyesha mmea wake mmoja kwa fahari, nikamwambia kwetu tungeuita seng'enge. Alicheka, lakini leo hajanisalimu.

Kuhusu viti. Usimwombe mtu yeyote kabla hajanywa kahawa. Kahawa ya kwanza ni yake, ya pili ni yako, ombi ni la tatu. Usiwaombe ndugu wawili wakiwa pamoja, maana kila mmoja atangoja mwenzake akubali ili amcheke. Bi Pelkie atalia; mwache alie, kisha atakusaidia kukibeba. Usiseme "klabu inahitaji". Klabu haijawahi kumfanyia mtu jambo. Sema "baba yangu anahitaji", maana baba yako amewatengenezea watu wa nusu ya mji tanuru za kupashia nyumba joto. Rautio mwache wa mwisho.

Hiyo mota ya umeme sina neno nayo. Dizeli ilikuwa inanuka, na glavu zangu zilinuka mpaka kanisani. Ila mwambie baba yako hivi: injini ile ilikuwa inabadilisha sauti kabla ya kuharibika. Mimi nilikuwa nasikia kwa miguu, kupitia ubao niliosimama juu yake, hata masikio yalipokwisha. Mota ya kimya itamwonya vipi? Nataka jibu.

Habari za Utah nimezisoma. Sina la kusema juu ya Utah.

Kula vizuri. Mpige paka kofi dogo kwa niaba yangu.

Bibi yako,
Impi


Kivimäki
24 Juni 2018

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Leo ni sikukuu ya Yohana Mbatizaji na mikono yangu bado inanuka moshi wa moto mkubwa wa mkesha jana. Ziwa lilikuwa tulivu. Mbu walikuwa wengi kuliko watu, na watu walikuwa wengi. Nimemaliza darasa la tisa. Nilipata alama nzuri katika kila somo isipokuwa kuogelea.

Baba anajibu swali lako: mota mpya ina vipimo vya mtikisiko na joto, na inajisimamisha yenyewe kabla mtu hajasikia kitu. Kisha akafikiri, akaongeza kwamba hata hivyo ataacha ule ubao wako pale pale. Sanduku la gia litatumia mafuta ya mimea, ili yakidondoka yasiue samaki kijitoni. Mama anasema sasa tutatambuanaje, maana kila mtu wa Kivimäki ana doa jeusi la grisi kwenye bega la koti.

Nimekusanya viti tangu theluji ilipoyeyuka. Nilifanya ulivyosema: kahawa mbili, ombi la tatu. Sijawahi kukosa usingizi namna hii. Kimoja kilikuwa kwenye banda la kuku, na kuku hawakutaka kutoka. Kimoja kimepakwa rangi ya waridi. Bi Pelkie alilia, kisha akakibeba peke yake na kunikataza nisikiguse.

Jana kwenye moto nilimkuta Mzee Rautio amekaa mbali kidogo na wengine, nikaona wakati umefika. Nilikuwa na chupa ya kahawa.

"Umechelewa," akasema. "Nimekungoja tangu Aprili. Nyumba zote umepita, yangu unairuka kama ina ukoma."

"Bibi alisema uwe wa mwisho, Mzee."

"Ala! Impi alisema hivyo?" Alifurahi, nadhani. "Kwa nini?"

"Hakusema."

"Basi mimi ninajua. Anajua nitakataa." Akanywa. "Kiti changu kiko ndani ya sauna, chumba cha kuvulia nguo. Ninakaa pale nikitoka kwenye mvuke, uchi kama nilivyozaliwa. Unataka watoto wa shule wakikalie hicho?"

"Kitapigwa mchanga na kupakwa rangi mpya."

"Mimi ndiye nahitaji kupigwa mchanga." Nilimmiminia kikombe cha pili, na cha tatu. Mwishoni akasema, "Kichukue. Lakini usimwambie mtu kwamba nilikubali kwa kahawa. Sema ulinitishia."

Kwa hiyo nilimtishia.

Sasa habari mbaya. Mhandisi alikuja, anaitwa Bi Okerlund, amesoma lifti hadi chuo kikuu na anazungumza polepole. Aliitazama safu nzima ya viti, akasema hivi vizuri, hivi vizuri, kisha akasimama. Watu wengi walipotundika viti barazani walitoboa tundu kwenye bomba la kuning'inizia ili wapitishe mnyororo. Bibi, hakuna aliyefikiri. Bomba lililotobolewa limekwisha, kuliziba hakufai. Viti vingi vimekufa kwa sababu ya bembea.

Baba na Bi Okerlund walipiga hesabu upya. Lifti inaweza kuzunguka na viti vichache kuliko zamani, lakini kuna idadi ya chini, na sisi tuko chini yake kidogo. Tumetangaza redioni. Pengine viko vingine kwenye nyumba za likizo kando ya ziwa.

Nimeahidi kueleza yote. Watu wanasema kiti namba 31 kilipakiwa kwenye gari la Baba Mdogo Rodney siku ile mliyoondoka. Baba akisikia anawaambia wanyamaze. Sikuulizi. Naeleza tu yanayosemwa.

Mjukuu wako,
Senja


Kivimäki
19 Agosti 2018

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Mama anasema posta ya majira ya joto ni mvivu, na nimekubali.

Tumevuna matunda ya buluu ndoo mbili. Mota imefika juu ya lori, ndogo kuliko nilivyodhani. Ungeweza kuifunika kwa zulia lako la sebuleni. Dizeli ya zamani imeondoka. Imebaki injini ndogo tu ya akiba, ya kuwarudisha watu umeme ukikatika. Kamba mpya inalala kwenye pipa kubwa la mbao na inang'aa.

Kwenye nyumba za likizo tulipata viti vizuri, vyote tulivyohitaji isipokuwa kimoja. Baba alisema "kimoja" kwa sauti ile anayotumia akiangusha spana gizani. Tumepita kila mahali. Bi Okerlund amesema hawezi kusaini pungufu, na nadhani ana haki.

Baba hatakuandikia. Nilimuuliza kwa nini, akasema bega.

Kama huna nafasi ya kuandika barua ndefu, kadi inatosha.

Senja


Tucson
30 Septemba 2018

Senja,

Posta haina kosa. Barua zako zote mbili zilifika.

Rodney na mkewe hawajambo. Joto limeanza kupungua, sasa jogoo wa jirani anaweza kuwika bila kuzimia. Nimekwenda kwa daktari wa kifua. Anasema mapafu yangu ni ya mwanamke wa miaka tisini, nikamwambia yeye ana mapafu mazuri lakini sijui anayafanyia nini.

Kiti ninacho. Namba 31. Hakijatobolewa. Sikukitundika. Kimesimama kwenye gereji ya Rodney, nimekifunika blanketi. Hakuna aliyekikalia, mimi nikiwemo.

Wewe ulikuwa na miaka sita babu yako alipofariki, na mliambiwa ni moyo. Ni kweli, ilikuwa moyo. Nitakueleza yaliyobaki, kwa kuwa wewe hueleza yote.

Siku ile mtu wa kituo cha juu aliumwa. Babu yako akasema atapanda yeye. Namba 31 ikazunguka, nikamdakia, akaketi. Akaniambia nisisahau kuzima jiko la kahawa. Maneno ya mwisho ya watu hayako kama yalivyo vitabuni. Alifika juu, akashuka vizuri, akaingia kibandani, akaketi dirishani. Hapo ndipo moyo uliposimama. Lifti haikusimama. Watu walikuwa wakifika juu, wanampungia mkono, wakidhani anawatazama. Viti vyote hushuka vitupu, ndiyo kazi yao. Namba 31 ilishuka mbele yangu tena na tena, nami nikaipakia watu, na injini ilikuwa na sauti yake ile ile. Mpaka kijana wa Pelkie alipogonga dirisha na babu yako hakugeuka.

Ndiyo sababu nilikichukua. Si sababu ya maana, lakini ndiyo.

Rodney ananiambia baba yako anataka kuweka kamera kule juu badala ya mtu, ili mtu mmoja wa chini atazame kila kitu kwenye skrini. Kamera ingemwona babu yako Arvo amekaa dirishani. Ingeona mtu amekaa, basi.

Sitaki Utah iwachukue. Wala sitaki kiti hiki kizunguke chini ya kibanda kisicho na mtu. Mwambie baba yako achague. Nimechoka, naishia hapa.

Impi


Kivimäki
14 Oktoba 2018

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana. Paka amerudi kwetu siku mbili, kisha akakumbuka.

Nilimsomea Baba barua yako baada ya chakula. Sehemu ya mapafu alicheka. Kisha nikamsomea ombi lako, na ile habari ya babu nikaiacha, kwa sababu sikujua kama ni yangu kuisoma kwa sauti.

"Kamera inaruhusiwa," akasema Baba. "Bi Okerlund amekubali. Haichoki, haiendi chooni, haipigi soga. Tuna watu wa kujitolea wachache, Senja. Kila mtu ninayemweka juu namkosa chini."

"Haigongi dirisha," nikasema.

Baba akasimama, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono. Ilikuwa safi.

"Nani amekwambia habari za dirisha?"

"Bibi."

"Mimi hajawahi kuniambia." Aliendelea kunawa. "Miaka minane. Nilisikia kwa Pelkie, dukani, nikiwa nimeshika mkate."

Nikampa barua akasoma mwenyewe. Alisoma amesimama. Kisha akatoka nje akapasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Jumanne klabu ilikutana, na Baba akasimama tena, mara ya pili mwaka huu. Akasema kamera itakuwepo, lakini kibandani kutakuwa na mtu kila saa ambayo lifti inazunguka, na watu wawili wa vituo watasemeshana kwa simu kila robo saa hata kama hakuna la kusema. Mwenyekiti akauliza mtu huyo atatoka wapi. Watu wakatazama buti zao, kama unavyowajua.

"Kuna jiko kule?" akauliza Mzee Rautio.

"Lipo, la kuni," akasema Baba.

"Basi mimi. Nimekaa peke yangu miaka kumi na mbili, tofauti ni mwinuko tu. Na paka nitakwenda naye."

"Kila robo saa utatakiwa kusema kitu, Waino."

"Nitamtukana aliye chini. Itatosha?"

Mwenyekiti akasema itatosha. Kisha Bi Pelkie akasema atashika zamu ya Jumapili, na mwanawe akasema Ijumaa. Baba amechagua, Bibi. Ameomba nikuandikie hivyo, na kwamba bega lake limepona, ila kuandika bado ni kazi yangu.

Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Siulizi kuhusu kiti.

Senja


Tucson
12 Novemba 2018

Senja,

Rodney anamfahamu mwenye lori anayekuja kaskazini na machungwa. Kiti kitafika pamoja nayo. Machungwa msile yote, wapelekeeni wazee anaowatunza mama yako.

Mimi na baba yako tutasemeshana siku moja. Hilo si la barua.

Masharti yangu ni mawili. Namba isifutwe mkipaka rangi. Na kiti kisipande kitupu. Nimekitazama kikiwa kitupu vya kutosha. Kiti ni cha kukaliwa.

Mwambie Rautio pilipili iliyo kwenye kopo kibandani ni yangu.

Bibi


Kivimäki
20 Januari 2019

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nina mengi na nitajaribu kuyapanga.

Kiti kilifika salama ndani ya blanketi lako. Bi Okerlund alikipaka unga wake wa chuma unaoonyesha nyufa, akakitazama kwa taa, akasema neno moja: "Kizima." Tukakipaka rangi ya kijani kama vingine. Namba niliizungushia kwa brashi ndogo mwenyewe.

Wiki ya kwanza ya Januari walijaribu lifti kwa mzigo. Badala ya watu, viti vilibeba mapipa ya maji. Yalipanda mlimani yakiwa yamekaa wawili wawili kama watu wa kanisani. Baba alikata umeme mapipa yakiwa njiani, na breki zikashika. Kamba ilining'inia kimya. Akakata tena, na tena. Mkaguzi wa jimbo alisaini akiwa amesimama juu ya ubao wako, maana ndipo mahali pekee pasipo na barafu.

Tumefungua jana. Kitu cha kwanza kila mtu alichosema ni kwamba haina sauti. Unasikia magurudumu tu kwenye minara, na watu wakizungumza viti viwili mbele yako, jambo ambalo baadhi yao hawajalizoea. Pakiwa hapana mtu inajipunguza mwendo yenyewe. Kila robo saa simu inalia, na Mzee Rautio anamwita Baba nyani, na Baba anasema "nimepokea". Pilipili yako wameitumia. Samahani.

Baba amewaandikia wa Utah. Alinipa bahasha nikaitie posta, na kwa mara ya kwanza hakuwa na siri: aliniambia yaliyomo kabla sijauliza. Mkataba wa kilima umefanywa upya, na Mama ameacha kusifu shule za watu.

Lakini kuna jambo. Namba 31 inapanda tupu. Sikuwaambia watu chochote, ila mji huu hauhitaji kuambiwa. Ikifika, waliopo mbele wanasogea pembeni, wanavua kofia, wanaiacha ipite, kisha wanapanda cha nyuma yake. Foleni inakuwa ndefu na watoto wanalalamika. Baba anadaka viti pale ulipokuwa unasimama wewe, na ikija 31 anaidaka vilevile, kwa mikono miwili, kana kwamba kuna mtu wa kuketi, halafu anaiachia. Jana nilimwambia masharti yako. Akasema, "Najua. Niliyasoma. Nani ataanza?"

Nikasema mimi.

Nitapanda Jumamosi baada ya ijayo, asubuhi, kabla foleni haijajaa. Mzee Rautio amekwisha kuambiwa, na atatoka kibandani asimame nje. Sitaki kukaa katikati kama mtu aliye peke yake. Kiti ni cha watu wawili. Wewe ndiye uliyemdakia, hakuna mwingine aliyeona. Kwa hiyo nijibu upesi, Bibi, kadi inatosha, barua hii ikifika usiiweke chini: Babu alikaa upande gani?

Senja